Shajara ya mradi: pampu ya zambarau kwa mabomba ya PVC na spoku za baiskeli

Tar 3, Jumamosi usiku

Wazo la kuunda protini kwa mabomba limeanzia Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, wala sio kwenye kitabu. Asubuhi nilishuka Kirumba kununua dagaa, dada mmoja anayeuza kayabo, samaki wa chumvi, za kupeleka Kongo akaniita, mwalimu hebu njoo uone hii, akafunua gunia akanionesha kipande cha sangara cha chumvi kina madoa mekundu kama mtu kakimwagia juisi ya rosela. Anasema mteja kakataa mzigo, kadai samaki karogwa. Nikamwambia hao ni vijidudu tu, wanapenda chumvi. Akanicheka mbele ya watu, vijidudu gani hao wakati chumvi ndo tunaweka ili kuua vijidudu?

Nimerudi Igoma na dagaa zangu na lile swali bado linaniwasha, maana dada ana haki, chumvi inaua karibu kila kitu isipokuwa wachache, hasa ukoo mmoja wa arkea, vijidudu wa seli moja wanaofanana na bakteria ila sio bakteria, ambao ndo kwanza wanaitaka, tena mara kadhaa zaidi ya ile ya bahari, ukiwatupia kwenye maji ya ziwa letu hili wanapasuka. Anayejulikana zaidi ni Halobacterium salinarum, na anajulikana hasa kwa tabia hiyo ya kukaa kwenye samaki wa chumvi na ngozi. Jamaa zake ndo wanachangia wekundu wa maziwa ya magadi kama Natron. Ule wekundu ni rangi za ukoo wa karoti, ila oksijeni ikipungua huyu bwana anatandaza kwenye utando wake, ile ngozi ya seli, mabaka ya zambarau, na hapo ndo kwenye utamu. Mwaka 1971 Oesterhelt na Stoeckenius walionesha kwamba zambarau hiyo ni protini moja tu, bakteriorodopsini, imebeba retinali, yaani ndugu wa vitamini A, ileile iliyoko machoni mwetu na ambayo mwili unaitoa kwenye viazi lishe. Mwanga ukiipiga inasukuma protoni, yaani hidrojeni iliyopoteza elektroni yake, H+, kutoka ndani ya seli kwenda nje. Basi. Hamna jani, hamna klorofili.

Sasa mimi nafundisha bailojia, na kila mwaka form five wananichorea utando, wanachora kishale kimoja kinapita katikati, wanaandika H+, wanataka maksi. Na mimi nawapa! Kishale hakielezi chochote. Nimeamua klabu ya sayansi tutengeneze hii protini, kubwa, inayosogea, ukigeuza mkono inasukuma kweli. Ntaandika hapa inavyoenda, hata ikienda vibaya.

Tar 5

Leo hesabu tu. Nimechagua sentimita 1 iwe angstromu 1 (mita ukiigawa kwa bilioni kumi), yaani tumekuza mara milioni 100. Bahati ikaniangukia, unene wa utando ni kama angstromu 45 kwa hiyo bomba la sentimita 45, na uti wa heliksi moja, ule mnyororo uliojisokota kama springi, una upana unaokaribia angstromu 5, na bomba la nchi 2 la pale dukani ni sentimita 5. Kama vile fundi bomba na Mungu walikaa kikao. Retinali ina urefu kama angstromu 15, nusu ya spoku ya baiskeli.

Heliksi ni saba, A mpaka G. Henderson na Unwin mwaka 1975 walipopata picha ya kwanza kwa darubini ya elektroni waliona nguzo saba tu zimesimama kwenye utando, hamna vidole hamna maelezo, kwa hiyo picha yao ya kwanza ilikuwa mabomba kama yangu. Ilichukua mpaka 1990 Henderson na wenzake kuona asidi amino, zile shanga zinazounda protini, zimekaa wapi. Hainipi aibu tena kutumia PVC.

Nimewachekesha wanafunzi kwa kitu kimoja. Mwanga inaoupenda zaidi ni wa nanomita 568, kijani inayoelekea njano, ndo maana yenyewe inaonekana zambarau. Kwa skeli yetu wimbi moja la mwanga huo lina mita karibu 57, zaidi ya nusu ya uwanja wa CCM Kirumba, linapiga kijiti cha sentimita 15. Na protoni yenyewe kwa skeli hii hata darubini ya shule isingeiona. Tutatumia gololi, tutasamehewa.

Tar 10

Nimepita kwa fundi baiskeli Mabatini. Akanisalimia Kisukuma, mwangaluka mayu, leo umeleta nini? Nikamueleza nataka spoku nne, springi za breki na anitobolee mabomba. Akauliza ni antena? Nikasema ni mdudu wa kwenye kayabo. Amenyamaza, akatoboa.

Toleo la kwanza limesimama jioni. Mabomba saba kwenye plaiwudi, katikati nimepitisha mpira wa leveli ule wa mafundi ujenzi, ndo njia ya gololi. Juu ni ndani ya seli, chini ni nje. Nimeweka milango miwili ya vipande vya tyubu, mmoja juu mmoja chini. Spoku imechomekwa kwenye bomba G, mahali pa asidi amino iitwayo laisini, namba 216, ambapo retinali imefungwa kwenye protini halisi. Ukivuta mkono, spoku inapinda, milango inafunguka, gololi inashuka mpaka chini tiii. Nimefurahi kama mtoto. Nimepiga video nikawatumia wanafunzi.

Tar 11

Umeme hamna toka mchana. Sijafanya kitu.

Tar 12

Dogo mmoja wa PCB, yule wa kukaa nyuma, kaniharibia kila kitu kwa sentensi moja. Madam, kama gololi inaanguka yenyewe, taa ya nini?

Nimesimama pale na chaki mkononi. Ni kweli kabisa. Nimetengeneza tundu. Pampu maana yake unasukuma kitu kiende mahali ambapo hakitaki kwenda, protoni nje zinajazana, zinasukumana zinataka kurudi ndani, na kazi yote ya mwanga ni kuongeza nyingine juu ya msongamano huo. Faida inakuja zinaporudi, ila zirudi kwa mlango wao maalumu, ule wa mashine inayotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Mwaka 1974 Racker na Stoeckenius walichukua hii protini ya zambarau wakaipandikiza kwenye vifuko vya mafuta pamoja na mashine ya ATP iliyotolewa kwenye moyo wa ng'ombe, wakawasha taa, ATP ikatoka. Arkea wa chumvi na ng'ombe, hawajawahi kuonana, kinachowaunganisha ni protoni tu. Hilo jaribio lilimsaidia sana mwanabiokemia Mitchell ambaye toka 1961 alikuwa anahangaika kueleza watu kwamba nishati inapitia hapo.

Kwa hiyo tumeigeuza miguu juu. Sasa nje ndo iko juu, tumeweka beseni la gololi mia linakandamiza kushuka, na sisi tunatakiwa kuongeza ya mia na moja kutokea chini.

Nimevuta mkono mara moja. Gololi zote zimemwagika sakafuni, zimeingia mpaka chini ya kabati la kemikali.

Tar 13, Jumanne, bado na hasira

Nimekaa na pampu ya baiskeli ya kijana wangu. Hii ukivuta upepo unaingia, ukisukuma unatoka, na kinachofanya usirudi ni kile kingozi, kikikauka unapiga mpaka mkono unauma na tairi haijai. Nikawaza basi natakiwa vingozi viwili, milango yangu isifunguke kwa pamoja. Nimefunga kamba ili mmoja ukifunguka mwingine ubane. Imekubali mara mbili. Ya tatu kamba imelegea, gololi chini ya kabati tena.

Hapo ndo nikarudi kusoma vizuri na kugundua kwamba nilikuwa natengeneza kitu ambacho hakipo. Ndani ya hii protini hamna mfereji ulionyooka kutoka juu mpaka chini na milango yake. Kuna viti. Protoni inakaa kwenye asidi fulani, inahamia nyingine, kama vijana wanavyopokezana matofali ghorofani, kila mmoja amesimama pake. Na kinachobadilika umbo linapobadilika sio uwazi wa mlango, ni nani anashikilia kwa nguvu kiasi gani.

Ngoja niandike hii polepole maana ndo roho ya mradi. Protini ikiwa imetulia, protoni moja imekaa kwenye kiungo cha retinali na laisini, kinaitwa besi ya Schiff, na pale imeshikwa kwa nguvu sana, pKa yake, kipimo cha nguvu ya kushika protoni, ni zaidi ya 13. Jirani yake upande wa nje ni asidi amino nyingine, aspatiki namba 85, huyu mkono wake umelegea kabisa, pKa kama 2.5, hashiki protoni hata umpe. Mwanga unapiga. Retinali iliyokuwa imenyooka inajipinda kwenye kaboni ya 13, chini ya pikosekunde moja (sekunde ukiigawa kwa trilioni), yaani kabla kitu kingine chochote hakijastuka. Sasa kijiti kilichopinda kimebanwa kwenye chumba cha kijiti kilichonyooka, kila kitu kinakandamizwa, na mikono inabadilishana nguvu, besi inalegea, 85 inakaza. Protoni inaruka. Halafu upande wa ndani kuna aspatiki namba 96, huyu muda wote ameshikilia protoni yake ya akiba, kufa hatoi. Retinali inavyojinyoosha ndani ya mkao wake mpya inamsukuma triptofani 182 aliyeko kwenye heliksi F, heliksi F nayo upande wa ndani inachomoza nje kama mlingoti uliosukumwa, maji yanapata nafasi ya kuingia kwa mstari, na mkono wa 96 unalegea. Anatoa. Besi inajazwa tena, lakini kutokea chini, sio kutokea juu ilikopeleka. Kisha 96 anajazwa kutoka ndani ya seli.

Na kwa nini zile za nje hazirudi? Sehemu kubwa ya jibu nimeipenda mpaka nikacheka peke yangu jikoni: kwa sababu kiti cha 85 kimekaliwa. Protoni iliyoruka bado imekaa pale, haiondoki mpaka mwisho kabisa wa mzunguko, na besi yenyewe imeshageuza uso kuangalia upande mwingine. Anayezuia mlango ni abiria mwenyewe, kama konda wa daladala aliyesimama mlangoni.

Milango nimeing'oa yote.

Tar 17

Toleo la pili. Gololi za kioo kwaheri, fundi kanipa gololi za chuma za beringi, mkebe mzima, anasema mayu hizi hazirudishwi. Sumaku tumezitoa kwenye spika mbovu. Mantiki yake ni rahisi, sumaku ikisogea karibu mkono umekaza, ikienda mbali umelegea. Viti ni visoda. Nyuma ya kisoda cha 96 sumaku nimeigundisha kwenye bomba F, kwa hiyo F likichomoza linaondoka na sumaku na gololi inabaki haina mwenyewe. Sumaku ya 85 iko kwenye kibao kinachosogea pamoja na spoku.

Suala la F lichomoze kiasi gani limenisumbua siku mbili. Picha za elektroni za protini iliyobadilishwa asidi kadhaa, zile za mwaka 2000, zinatoa kama angstromu 3.5. Lakini Wajapani wa Kanazawa mwaka 2010 waliipapasa kwa darubini ya sindano inayokwenda kasi, utando ukiwa umetulia kwenye maji, wakaona protini zinafumbuka kwa kama nanomita 0.7, yaani angstromu 7, taa ikiwaka na kurudi ikizimwa, kama maua. Hiyo ni mara mbili. Ila walitumia aina ambayo namba 96 imebadilishwa ili mzunguko uwe wa taratibu na sindano iweze kuufuata, maana ya kawaida inamaliza mzunguko mzima kwa kama milisekunde 10 tu. Nimechagua 3.5. Kwa sababu ya kisayansi? Hapana, ni kwa sababu ikizidi hapo bomba linagonga ukingo wa plaiwudi.

Kitu kimoja nimedanganya na nakikiri. Kutoka 96 mpaka besi ni kama angstromu 11, kwa hiyo ilitakiwa gololi iruke sentimita 11 kwenda juu, na sumaku ya spika haiwezi. Kwenye protini ni maji yanayojipanga ndo yanapitisha. Mimi nimepunguza ikawa 3 na nimeweka kipande cha mpira wa leveli kikae badala ya maji.

Tar 18

Imefanya kazi! Usiku, saa nne na kitu, mimi na binti yangu anayeshika tochi. Nimegeuza mkono polepole. Spoku imepinda, sumaku ya 85 imekaribia, gololi imehama ncha ya spoku ikakaa kwenye kisoda cha juu, tak. Spoku ikageukia chini, bolti yake ikaigonga F, F ikachomoza, gololi ya 96 ikapanda kwenye mpira ikadakwa na ncha ya spoku, tak ya pili. Kutoka kwenye trei gololi mpya ikajisukumia kwenye kisoda kilichobaki wazi. Nikaachia mkono, springi ikarudisha kila kitu na ile ya 85 ikasogea kwenda kwenye kiti cha kutokea. Beseni la juu halijamwaga hata moja.

Binti kaniuliza swali ambalo nimelipenda: mama, iliyotoka ni ileile iliyosukumwa? Hapana mama. Hata kwenye protini, inayotoka nje kwanza inatoka kwenye kiti cha pembeni kabisa, huko kwa glutamati 194 na 204, wakati ya besi ndo kwanza imefika kwa 85. Arginini 82 aliyeko katikati anajigeuza na kupeleka habari tu kwamba huku kumejaa, wewe huko toa. Ya 85 inakuja kuziba pengo la huko baadaye. Wangu mimi hana arginini, kiti cha nje kinasubiri mpaka mwisho. Toleo la tatu labda.

Tar 24

Wameweka taa. Hii kazi ya madogo sijaigusa. Mkono ukiwa umetulia inawaka zambarau, 85 ikishakaliwa inawaka njano, mwishoni kabla ya kurudi inawaka bluu. Sio mapambo, ni kweli. Besi ikishapoteza protoni protini inahamia kunyonya mwanga wa nanomita 412 na utando unaonekana wa njano, na karibu na mwisho inanyonya 640 kwa hiyo inaelekea bluu. Watafiti walifuatilia hatua zote hizi kwa rangi kabla hawajapata picha za maumbo yenyewe. Picha zenyewe za mfululizo zilikuja 2016, huko Japani tena, wakatumia leza ya eksrei kupiga vifuwele vidogovidogo kimoja baada ya kingine, vipindi 13 kuanzia nanosekunde mpaka milisekunde, wakaviunga kama sinema. Pale unamuona triptofani anavyosukumwa.

Mzee mmoja mvuvi, babu wa mwanafunzi, alikuja kumchukua mjukuu akasimama anaangalia muda mrefu. Akauliza hii ndo iko kwenye jicho? Nikamwambia ya jichoni ni nyingine ila nayo ina nguzo saba na retinali hiyohiyo, yenyewe haisukumi kitu, inatoa taarifa. Nikamwambia hata furu wenu, hawa samaki wadogo wa ziwani, wanatofautiana kwenye hiyo. Furu mwekundu anayeitwa Pundamilia nyererei, ndio, jina la Mwalimu, anakaa kina kirefu zaidi kuliko ndugu yake wa bluu, na kwenye maji yetu haya ya matope mwanga unaofika chini umebaki mwekundu, basi protini ya macho yake imevutwa kidogo upande wa wekundu. Watafiti waliifuatilia hiyo kwenye visiwa vya hapahapa Ghuba ya Mwanza, ikatoka 2008. Babu akasema sisi tulijua yule mwekundu anakaa chini, hatukuhitaji protini. Sikuwa na jibu.

Tar 31

Jaribio la kuhesabu. Mizunguko 20, dogo wa nyuma anageuza mkono, wengine wanahesabu gololi zinazoingia beseni la juu. Matokeo: 13.

Nikakunja uso, yeye akaanza kucheka. Madam, 13 kwa 20 ni 0.65, na wewe ulituandikia ubaoni kwamba kwenye ile halisi fotoni, punje moja ya mwanga, ikinyonywa uwezekano wa mzunguko kuanza ni kama 0.64! Tumeshinda! Darasa zima makofi.

Nimewaacha washangilie dakika moja halafu nikawaharibia kama yeye alivyoniharibia. Ile halisi inaposhindwa inashindwa mwanzoni kabisa, retinali inanyonya mwanga, inarudi ilivyokuwa bila kupinda, hamna kilichosogea, hasara ni joto kidogo. Yetu imepinda mara zote 20. Imeshindwa kwenye 96, gololi inakwama kwenye mdomo wa mpira wa leveli pale nilipoukata kwa kisu butu, kuna kinyama kimebaki, ukichungulia kwa tochi unakiona. Namba zimelingana, ugonjwa tofauti.

Dogo akauliza, sasa tukikikata hicho kinyama ikawa 20 kwa 20, itakuwa imezidi ile ya Mungu? Nikamwambia atengeneze swichi ya kubahatisha kwenye mkono, iruke mara moja kati ya tatu. Ameshaanza kuchora.

Kesho nashuka Mabatini kuomba wembe mpya na gololi saba, zile nyingine ziko chini ya kabati la kemikali na mwenye funguo za kulisogeza yuko likizo. Nikitoka hapo napitia Mwaloni, yule dada nimemuahidi video.